Waulize Wataalamu: Je, p53 iliyoharibika hurudishwa kazini?

Salaam wataalamu. Dada yangu anatibiwa saratani ya ovari. Ripoti ya jeni imerudi imeandikwa: TP53 c.659A>G, p.Y220C. Tumesikia ipo dawa inayolenga badiliko hilohilo. Ni kweli? Tuifuateje?
*Kaka wa mgonjwa, Mbale*

Ni kweli, ndugu yetu, na umefanya vizuri kunakili ripoti neno kwa neno. Wengi hutuandikia "p53 imeharibika" basi, na hapo hatuna la kuwajibu. Protini hii huharibika kwa mamia ya namna, na dawa ya namna moja haigusi nyingine.

p53 ni mnyororo wa asidi amino 393. DNA ya seli ikijeruhiwa, p53 hujishika kwenye DNA na kuwasha jeni za kusimamisha seli isigawanyike, au za kuiua kabisa. Karibu nusu ya saratani zote za binadamu zina kasoro kwenye jeni yake, TP53. Maandishi ya ripoti yenu yanasema herufi A ya DNA iliyo nafasi ya 659 imegeuka G, kwa hiyo kwenye nafasi ya 220 ya protini tairosini imetoka, imeingia sisteini. Tairosini ni pana, sisteini ni ndogo, basi pamebaki shimo ubavuni mwa protini. Sehemu inayoshika DNA iko mbali na shimo hilo na yenyewe haina kasoro. Tatizo ni kwamba p53 hata ikiwa nzima ni dhaifu, huanza kufumuka kwenye nyuzi 44 hivi. Ukiitoboa ubavuni, haivumilii hata joto la kawaida la mwili.

Dawa inayoitwa rezatapopt (zamani PC14586) ni molekuli ndogo inayoingia kwenye shimo hilo kama kabari. Protini hujikunja upya na kushika DNA. Katika majaribio humezwa miligramu 2,000 mara moja kwa siku, pamoja na chakula, kwa sababu kichefuchefu na kutapika ndiyo malalamiko makubwa. Kwa baadhi ya wagonjwa uvimbe umenywea, na wenye saratani ya ovari wamo. Waliokuwa pia na badiliko la jeni ya KRAS hawakunufaika, ndiyo maana awamu ya pili ya jaribio huwakataa. p53 ikirudi kazini huku KRAS inaendelea kuichochea seli, amri ya kusimama haifuatwi.

Basi rudini kwenye ripoti, mtafute mstari wa KRAS. Kama haukupimwa, ombeni upimwe kwenye kipande kilekile cha uvimbe. Tiba ya kawaida, yaani karboplatini na paklitakseli au lolote alilopangiwa, isisimamishwe hata siku moja kwa kuisubiri dawa hii. Mwombeni daktari wake, hasa kama anahudhuria Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, aangalie sajili ya ClinicalTrials.gov kwa namba NCT04585750 na kuwaandikia watafiti mwenyewe. Barua ya daktari yenye ripoti ya jeni, picha za CT na orodha ya dawa alizokwisha kutumia hujibiwa upesi kuliko barua ya ndugu.

Mimi ni fundi wa maabara ya hospitali. Tulipeleka vipande vinne nje kupimwa TP53. Viwili vimerudishwa kwa kuwa "DNA imekatika", cha tatu kimekuja na R175H lakini kwa asilimia 4 tu. Tunakosea wapi?
*Fundi, Arua*

Karibu kila mara kosa huwa kwenye kopo la formalini, dawa ya kuhifadhi kipande kisioze. Kipande kinatoka chumba cha upasuaji Ijumaa jioni, kinatumbukizwa kizima, kinakaa hadi Jumatano. Katikati kinaoza kabla dawa haijafika, pembeni DNA inakatikakatika kwa kukaa mno. Kikateni unene usiozidi milimita 5, formalini iwe mara kumi ya ujazo wa nyama, na muda uwe kati ya saa 6 na 72. Andikeni saa ya kuingiza na saa ya kutoa juu ya kopo, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana.

Kama mnachanganya formalini wenyewe, iwe yenye bafa (chumvi za kuizuia isigeuke asidi): kwa lita moja, mililita 100 za formalini ya dukani (asilimia 37 hadi 40), maji yaliyotoneshwa mililita 900, sodiamu fosfeti ya hidrojeni mbili gramu 4, na disodiamu fosfeti kavu gramu 6.5. Formalini isiyo na bafa hugeuka asidi ikikaa rafuni, na asidi huila DNA. Kwa sababu hiyohiyo, kipande chenye mfupa kilainishwe kwa EDTA, sio asidi ya nitriki.

Sasa hiyo R175H (badiliko kwenye nafasi ya 175 ya protini), iliyoonekana kwenye asilimia 4 tu ya nakala za DNA zilizosomwa, msiiamini bado. Formalini hung'oa amonia kwenye herufi C, mashine ikaisoma kama T, na ukiitazama kwenye uzi wa pili inaonekana G imekuwa A. R175H ni G kuwa A hasa. Kuna kimeng'enya cha kusafisha kasoro hii (UDG), lakini kinatambua tu kasoro iliyotokea kwenye C isiyo na methili (alama ndogo ya kikemia inayobandikwa kwenye DNA). Nafasi za 175, 248 na 273 huwa na methili, kwa hiyo kasoro ya formalini hupita humo bila kukamatwa na kujifanya badiliko maarufu la saratani. Toeni DNA upya kwenye mkato mwingine wa kipande hichohicho. Kasoro ya formalini kwa kawaida haitokei mara mbili mahali pamoja, badiliko la kweli litarudi. Y220C ni A kuwa G, kwa hiyo formalini haina uwezo huo wa kuibuni.

Tazameni pia seli za saratani ni asilimia ngapi ya kipande. Zikiwa asilimia 20, badiliko la kweli hutarajiwa kuonekana kwa asilimia 10 hivi. Na mkiona asilimia 50 kwenye kipande chenye saratani kidogo, pimeni damu: huenda mgonjwa amezaliwa nalo, na hapo ndugu zake nao wanahusika.

Badala ya kuhangaika na protini mbovu, kwa nini wasiingize tu p53 nzima?
*Mwanafunzi wa biolojia, Mbarara*

Wamefanya hivyo. China iliidhinisha Gendicine mwaka 2003: kirusi cha adeno kinachobeba jeni nzima ya p53, kinachodungwa ndani ya uvimbe wa kichwa na shingo. Kirusi huishia pale sindano ilipofika, seli za mbali hazipati kitu.

Ugumu wa pili ni wa hesabu. p53 hufanya kazi zikiwa nne zimeshikana. Seli ikitengeneza nzima na mbovu kwa usawa, uwezekano wa zote nne kuwa nzima ni nusu mara nusu mara nusu mara nusu, yaani kundi 1 kati ya 16. Na protini mbovu haibaki sawa na nzima, maana hujilimbikiza kwenye seli ya saratani bila kuvunjwa. Kwa hiyo kuinyoosha ile iliyomo kuna mantiki zaidi, kwa sababu mrundikano uleule unakuwa jeshi. Mwaka 2007 majaribio ya panya yalionyesha kwamba p53 ikirudishwa, uvimbe uliokwisha kukomaa hunywea. Tembo, kwa taarifa yako, ana nakala 20 hivi za jeni hii, na saratani humpata kwa nadra.

Mama ana saratani ya shingo ya kizazi. Tulipe kipimo cha TP53?
*Binti, Gulu*

Dada, msianze na hicho. Saratani hiyo karibu zote huletwa na kirusi cha HPV, hasa aina ya 16 na 18. Protini yake iitwayo E6 huikamata p53 nzima na kuipeleka kuvunjwa. Jeni mara nyingi haina kasoro yoyote, kwa hiyo dawa za kunyoosha hazina cha kunyoosha. Fedha hizo ziende kwenye usafiri wa mionzi na kemo, na msichana wa miaka 10 aliye nyumbani apate chanjo ya HPV, ambayo Uganda inaitoa nchi nzima tangu 2015.

Kuna mtu anatuuzia unga wa zinki, anasema "unafufua p53". Mwingine anataja aseniki.
*Msomaji, Jinja*

Uongo mzuri huwa na chembe ya ukweli ndani. p53 hushikilia chembe moja ya zinki, na badiliko la R175H huifanya idondoke. Lakini wanachofanyia kazi watafiti ni molekuli za kubeba zinki hadi ndani ya seli kwa kiasi maalumu. Unga wa zinki haufiki huko, na ukizidi unazuia mwili kupata shaba na kuleta upungufu wa damu. Aseniki trioksaidi imeonekana maabara kuzishikiza baadhi ya p53 zilizofumuka, na hospitalini ni dawa halisi ya aina moja ya saratani ya damu, kwa dripu, miligramu 0.15 kwa kilo, huku moyo ukipimwa kwa ECG, maana huvuruga mapigo. Ya kwenye karatasi sokoni ni sumu tu.

Hata dawa zilizopimwa kwa uangalifu huanguka. Eprenetapopt, ambayo hung'ang'ania sisteini za p53, ilijaribiwa pamoja na azasitidini (dawa ya kemo) kwa wagonjwa 154 wa ugonjwa wa uboho wenye TP53 mbovu. Desemba 2020 matokeo yalitoka: waliopona kikamilifu kwa vipimo vya uboho walikuwa asilimia 33.3, dhidi ya 22.4 ya waliopata azasitidini peke yake. Kwa hesabu za takwimu tofauti hiyo haikutosha. Dawa ile haikuchagua shimo la badiliko fulani; hushika sisteini popote inapozikuta.

Nauza karanga Kisenyi. Nimeambiwa ukungu wa karanga unaharibu p53 ya ini. Ni badiliko gani, na linatibika?
*Mfanyabiashara, Kampala*

Linaitwa R249S. Sumu ya aflatoksini B1 hujibandika kwenye herufi G, seli ikinakili inakosea, AGG inakuwa AGT. Mwaka 1991 watafiti walilikuta likijirudia kwenye saratani za ini za China na kusini mwa Afrika. Mwenye homa ya ini aina ya B huwa hatarini maradufu na zaidi. Hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kulinyoosha: nafasi ya 249 iko karibu na pale p53 inaposhika DNA, na halikuacha shimo safi kama la Y220C.

Kwa hiyo kazi iko ghalani kwako, mzee. Kupika hakuimalizi sumu hiyo. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni kwa aflatoksini zote, na 5 kwa B1. Karanga zilizobanguliwa zikaushwe hadi unyevu wa asilimia 7, juu ya turubai, si ardhini. Usinunue kwa anayezilowesha maji ili maganda yabanguke upesi. Hapo ndipo ukungu unapoanzia. Toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu, na usizisage kuwa odi (siagi ya karanga), maana sumu imejaa humo.

Kwa mahindi kuna kipimo cha chumvi. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia punje hadi robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa juani, tikisa dakika moja, iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15. Kwa karanga usikitegemee kipimo hiki, maana hiyo asilimia 15 ni alama ya mahindi. Karanga zinataka mashine ya kupima unyevu, au uzifikiche mkononi. Ngozi ikigoma kutoka, zirudishe juani.