Sauti ya chini, sauti nzito au besi?

Msomaji wetu anauliza: "Nimewaandikia ndugu zangu maelekezo ya kupanga sabufa ya sinema ya nyumbani. Sentensi moja inasema: 'Ukitaka sauti ya chini zaidi, weka sabufa pembeni, kisha shusha hadi 80.' Walipoisoma walipunguza sauti, na sabufa wakaisogeza kando ya kochi. Je, nimekosea Kiswahili au wao hawakusoma vizuri?"

Walisoma vizuri sana. Walitenda kile kile ambacho sentensi yako ilisema. Ina mitego mitatu, na yote imefichwa katika maneno tunayoyatumia kila siku.

Tuanze na "sauti ya chini". Kwa Kiswahili, juu na chini ya sauti ni habari ya kiasi. Mwalimu akiwaambia watoto waongee kwa sauti ya chini, hakuna anayeanza kuunguruma kama mzee; wote hunong'ona. Tunapaza sauti, tunaipandisha, tunaishusha, na kwa kawaida maana ni kusikika zaidi au kidogo. Tofauti kati ya filimbi na ngoma kubwa tunaieleza kwa uzito na unene: sauti nzito, sauti nene, sauti nyembamba. Ndiyo maana mtu mwenye sauti nzito anaweza kunong'ona, na mtoto mwenye sauti nyembamba akapiga kelele hadi nyumba ya tatu. Ulichokuwa unakitafuta ni sauti nzito.

Au besi. Sioni sababu ya kuliogopa neno hili. Wanakwaya wanalo, wapiga magitaa wanalo, na mafundi wa redio wanalo, nalo limekaa vizuri katika ngeli yake: besi hii inavuma, besi hizi zinavuma. Faida yake kubwa ni kwamba linakuruhusu kutofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya, yaani besi nyingi na besi nzito. Sabufa, yaani spika ya besi, inaweza kutikisa madirisha kwenye mitetemo 60 kwa sekunde, halafu ikanyamaza kabisa filamu inapofika kwenye mitetemo 25. Hiyo ina besi nyingi, lakini si nzito. Kuna wanaoandika "besi ya kina". Mimi siipendi. Kina ni cha maji, cha kisima na cha fikra. Sauti tumeipa uzito tangu zamani, na uzito unatosha.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu vitenzi vyetu vya sauti nzito ni hazina ambayo waandishi wa maelekezo wanaiacha vumbini. Ngoma kubwa hurindima. Radi na simba hunguruma. Upepo na nyuki huvuma. Moyo hudunda. Kitu kizito kikianguka tunasema kimeanguka ndi! Sasa sikiliza sabufa kwa masikio ya vitenzi hivyo. Ikipangwa vizuri, ngoma ya kwenye filamu hudunda na kukatika hapo hapo, na mlipuko hunguruma kisha ukaisha. Ikipangwa vibaya, kila kitu huvuma: noti moja inajaa chumba na kukawia, hata hujui kama umesikia gari au radi. Mtu akikuambia "sabufa yangu inavuma badala ya kudunda", amekwisha kukueleza ugonjwa wote kwa maneno sita.

Mtego wa pili ni "pembeni". Kwa asili ni mahali penye pembe, lakini matumizi yamelihamisha. Ukimwambia mtu akae pembeni, hatafuti mahali kuta zinapokutana. Anasogea kando tu. Ndugu zako walifanya hivyo. Wewe ulitaka kona ya chumba, kwa hiyo andika kona. Kwenye kona, sakafu na kuta mbili huirudisha sauti nzito kuelekea chumbani, na besi huongezeka bila kugusa kitufe chochote.

Lakini kona huongeza mavumo pia. Wimbi la sauti ya mitetemo 40 kwa sekunde lina urefu wa mita 8.6 hivi, refu kuliko vyumba vingi. Linagonga ukuta, linarudi na kukutana na lenzake: mahali pengine yanajazana, mahali pengine yanauana. Ndiyo maana kiti kimoja kinatetemeka na cha jirani hakisikii kitu. Dawa yake ni ya ajabu lakini ni ya kweli. Weka sabufa juu ya kiti unachokalia, piga muziki wenye gitaa la besi linalopita noti nzito na nyembamba, kisha tambaa kwa mikono na magoti ukifuata kuta. Mahali utakaposikia noti zote zikitoka kwa usawa, ndipo pa kuiweka sabufa. Hilo neno "tambaa" liache lilivyo. Usiandike "zunguka chumbani", maana atakayesimama wima atasikia kitu kingine.

Mtego wa tatu ni "shusha hadi 80". Shusha nini? Anayesoma ana rimoti mkononi yenye namba za kiasi cha sauti, basi ameshusha hizo. Ulimaanisha krosova, ule mpaka wa mitetemo ambao chini yake sauti huenda kwenye sabufa na juu yake hubaki kwenye spika nyingine. Mitetemo 80 kwa sekunde, yaani hezi 80, ni mahali pazuri pa kuanzia. Ila kuishusha krosova hakuifanyi besi kuwa nzito zaidi. Kunaipunguzia sabufa sehemu ya kazi tu. Mpaka haushushwi, huwekwa. Na kama risiva, ile mashine inayoendesha spika zote, ndiyo inayogawa sauti, kitufe cha krosova kilicho kwenye sabufa kizungushwe hadi mwisho wa juu, ili sauti isikatwe mara mbili.

Utakutana pia, kwenye sabufa, na swichi yenye 0 na 180, inayofanya mtetemo wake uende sambamba na wa spika nyingine au kinyume chake. Baadhi ya watafsiri huiita awamu, nami naona inapotosha, maana awamu ni zamu ya muda. Mafundi husema fezi, kama ya umeme, na wameshinda. Mwambie msomaji ajaribu pande zote mbili akiwa amekaa kitini, achague ile inayojaza besi zaidi.

Neno sabufa lenyewe ulieleze mwanzoni. Kwa wengi ni seti nzima, boksi kubwa pamoja na spika zake ndogo, na mtu wa namna hiyo ataibeba yote kuipeleka kwenye kona.

Ningeiandika hivi: "Ukitaka besi zaidi, weka boksi la sabufa kwenye kona ya chumba. Likivuma sana, lisogeze kidogo kidogo kutoka kwenye kona hadi ngoma zidunde na kukatika. Kwenye risiva, weka krosova kwenye hezi 80. Kiasi cha sauti usikiguse kwanza."