Biafra ilikabwa kuanzia bandarini

SWALI: Shikamoo mzee. Babangu ashikilia kuwa Biafra, ile nchi iliyojitenga na Nigeria, ilishindwa kwa sababu kiongozi wake Ojukwu hakujua vita. Mimi nasema alikuwa hodari, ila Nigeria ilimzidi watu na silaha. Kauli ya nani ina kweli? – Msomaji, Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimekuwa karani wa shehena Kilindini miaka mingi, kwa hiyo vita hivyo mimi navitazama kutokea gatini.

Ojukwu alitangaza nchi Mei 30, 1967. Julai hiyo hiyo wanajeshi wa Gowon, mtawala wa Nigeria, walishuka Bonny, penye mlango wa bahari wa kuingilia Port Harcourt. Oktoba bandari ya Calabar ikatekwa. Mei 1968 ikaenda Port Harcourt yenyewe. Baada ya hapo chakula na risasi vilitegemea kipande cha barabara pale Uli, kilichopanuliwa ndege zipate kutua usiku, tena gizani. Ndege moja ya misaada ilibeba kama tani kumi. Mwanangu, tani kumi ni lori moja! Meli moja ya ngano ikifunga hapa kwetu, malori hupanga foleni siku nzima na bado haijaisha. Utalisha mamilioni ya watu kwa lori moja moja la usiku?

Babako naye ana lake. Agosti 1967 Victor Banjo, kamanda wa Biafra, alivuka mto Niger akaitwaa Benin kwa siku moja, kisha akakawia pale. Serikali ya Nigeria ikapata nafasi ya kujipanga, na safari ya kwenda Lagos, mji mkuu wakati huo, ikakomea mji wa Ore. Septemba Ojukwu akaamuru Banjo na wenzake watatu wapigwe risasi kwa uhaini. Tangu hapo, kamanda gani angethubutu kumwambia ukweli?

Lakini mimi langu ni la 1968. Gowon alikuwa tayari chakula kipite kwa barabara. Ojukwu akakataa, akihofia sumu, na kwamba jeshi lingeifuata njia hiyo. Hofu yake naielewa, maana adui hakuwa wa kuaminika. Ila watoto walikuwa wamekwisha vimba matumbo na nywele zimegeuka rangi kwa utapiamlo. Kwa hili simsamehe, wala Gowon aliyewafungia bahari simsamehe.

Januari 1970 Ojukwu alipanda ndege akaenda Ivory Coast. Kusalimu amri alimwachia msaidizi wake, Philip Effiong.