Pickup ya 93 imefeli smog (kipimo cha moshi wa gari), NOx (gesi za nitrojeni) iko juu

Kaka, kama hiyo Toyota yako ya injini ya 22RE imefeli NOx tu, na HC (mafuta yasiyoungua) na CO (kaboni monoksaidi) zimepita, usikimbilie katalitiki mpya (kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi), zile zilizoidhinishwa California bei yake utalia. Anza na valvu ya EGR, ile inayorudisha moshi kidogo ndani ya injini. Injini ikishapata moto, iache ingurume bila kukanyaga mafuta, vuta vakyumu kwenye valvu kwa pampu ya mkono, inatakiwa itetemeke au izime kabisa, isipojali basi njia zimejaa masizi, fungua usafishe. Halafu cheki taimingi ya cheche, unganisha TE1 na E1 kwanza (pini za soketi ya kupimia), iwe digrii 5 kabla ya TDC (pistoni ikiwa juu kabisa), maana mafundi wengine wanaisogeza mbele gari livute, ndo NOx inapaa. Rejeta nayo icheki, joto likizidi NOx inapanda vilevile.