Maswali ya wasomaji: Mapenzi ya mtu yanaingiaje kwenye mazungumzo ya amani?

SWALI: Habari zenu wahariri. Dada yangu ni mhadhiri, utafiti wake ni jinsia, ujinsia na mazungumzo ya amani. Jinsia naelewa kidogo, wanawake wawepo mezani, sawa, lakini mambo ya nani anampenda nani yanahusiana nini na kusimamisha vita? Naogopa kumuuliza nikamuudhi.
– Mdogo wa mhadhiri

JIBU: Mdogo wetu, muulize tu, swali lako ni zuri sana.

Anzia kwenye vita vyenyewe. Kule watu hawafi kwa risasi tu, wanabakwa, wanawake na hata wanaume, na wapo wanaofukuzwa au kuuawa kwa sababu ya wanayempenda. Sasa wakubwa wakikaa kugawana vyeo na kupeana msamaha, je msamaha huo unamfunika na aliyebaka? Ndo kazi ya watafiti kama dada yako hiyo, wanasoma mikataba mstari kwa mstari, wanahoji waliokuwa chumbani na walioachwa mlangoni, wanaangalia nani kahesabiwa muathirika na nani hakutajwa kabisa. Hata azimio 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la mwaka 2000, linataja wanawake na wasichana, wanaobaguliwa kwa ujinsia wao halikuwataja.

Mfano mkubwa ni Kolombia. Serikali na waasi wa FARC walianza mazungumzo Havana, Cuba, 2012, wajumbe wakuu wa serikali mwanzoni wote wanaume, wanawake wakapaza sauti mpaka wakaingizwa, na 2014 ikaundwa kamati ndogo ya jinsia yenye watu wa pande zote mbili, ikapitia rasimu na kusikiliza mashirika ya wanawake na ya LGBTI, yaani wapenzi wa jinsia moja, waliobadili jinsia na wenzao. Halafu ikaja kura ya maoni ya kuukubali au kuukataa mkataba waliofikia, 2 Oktoba 2016, HAPANA ikashinda kwa asilimia 50.2, tofauti haikufika hata kura 54,000! Sababu zilikuwa nyingi, wengi walichukia adhabu nyepesi kwa waasi, ila wapinzani, wakiwemo baadhi ya viongozi wa makanisa, waliwaambia watu mkataba umebeba “itikadi ya jinsia” inayokuja kuvunja familia. Mkataba uliorekebishwa ukasainiwa 24 Novemba, haki za wanawake zikabaki lakini lugha ya jinsia ikapunguzwa makali. Inauma, maana waliopunguziwa ni walewale walioumizwa vitani.

Afrika Kusini ilikuwa tofauti. Wanawake wa vyama vilivyokuwa mahasimu waliungana 1992, mwaka uliofuata kila ujumbe kwenye mazungumzo ya kumaliza utawala wa ubaguzi wa rangi ukatakiwa uwe na mwanamke, na katiba ya mpito ya 1993 ikakataza ubaguzi kwa sababu ya mwelekeo wa kimapenzi, nchi ya kwanza duniani kuliandika hilo kwenye katiba.

Kwahiyo ukimpigia dada, muulize anasoma mkataba upi, na nani aliachwa mlangoni. Hapo mtaongea mpaka salio liishe.