Je, sindano ya seli shina itaponya goti langu?

SWALI: Daktari, nina miaka 61. Goti la kulia limesagika. Nikishuka ngazi nashuka kiubavu huku nimeshika ukuta. Kliniki moja inasema sindano ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, itaotesha gegedu upya. Nikubali?

JIBU: Pole sana, mama. Usilipe kitu kwanza. Gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya goti, haina mishipa ya damu, ndiyo maana ikishalika haijijengi upya kama ngozi iliyochubuka. Hadi leo hakuna sindano iliyothibitishwa kuirudisha, na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, haijaidhinisha seli shina kwa goti lililosagika. Hata sindano ya chembe sahani (chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda) kutoka damu ya mgonjwa mwenyewe, ambayo nayo inauzwa sana, ilijaribiwa Australia kwa wagonjwa 288. Matokeo yalitoka mwaka 2021: baada ya miezi 12 haikuishinda sindano ya maji ya chumvi yasiyo na dawa, si kwa maumivu wala kwa kulinda gegedu. Inaniuma mtu anapouziwa matumaini kwa bei ya akiba yake yote.

Upandikizaji wa seli za gegedu upo kweli, ila ni wa kidonda kidogo cha jeraha, si goti zima.

Anza na misuli ya paja. Kaa kitini, inua mguu mpaka goti linyooke, hesabu hadi tano, ushushe polepole. Hata unaposhusha polepole, misuli inafanya kazi. Kama una uzito wa ziada, kila kilo inayopungua huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua. Goti likivimba ghafla na kuwa la moto, ukapata na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.