Muulize Fundi: Ncha ya sindano haiyeyushi lehemu

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeanza kutengeneza bodi za redio na chaja. Kwa kuwa vijenzi vyake ni vidogo mno, nilinunua ncha ya kulehemu nyembamba kuliko zote, ile ya sindano. Lehemu inagoma kuyeyuka, hasa kwenye miguu ya graundi. Nikapandisha joto hadi nyuzi 450. Sasa ncha imekuwa nyeusi na pedi moja (kile kibapa cha shaba kwenye bodi ambacho kijenzi hulehemiwa) imebanduka. Je, nitafute ncha nyembamba zaidi, au ninunue chuma cha kulehemu chenye wati nyingi?

JIBU: Marahaba. Yote mawili acha. Wati zako huenda zinatosha kabisa. Zinakwama njiani, pale zinapotakiwa kuingia kwenye bodi.

Joto hupita pale ncha na pedi zinapogusana. Ncha ya sindano inagusa kidogo sana, na kwa kuwa imechongwa hadi mwisho, shaba iliyobaki ndani yake ni chache mno kuleta joto lingine haraka. Ni sawa na kupiga pasi shati kwa kutumia pembe tu ya pasi. Ukija kwenye graundi, ambako pedi imeungana na bapa pana la shaba linalosambaza joto bodi nzima, sindano inapoa papo hapo. Mtambo wa chuma chako unaonyesha 450, lakini ile nukta inayogusa bodi haijafika huko. Unabaki umekandamiza, unasubiri, na kusubiri huko ndiko kunakolegeza gundi inayoshika pedi. Pedi yako imebanduka kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo chagua ncha kwa kuangalia upana wa pedi. Udogo wa kijenzi usikutishe. Ninayoipendekeza kwa anayeanza ni ncha ya patasi, yenye mdomo bapa. Mdomo uwe na upana unaokaribia wa pedi, au pungufu kidogo. Kwa rezista ya saizi ya 0805, ambayo ina urefu wa milimita 2 na upana wa milimita 1.25, patasi ya milimita 1.2 inakaa vizuri. Kwa vijenzi vya miguu inayopita kwenye matundu, chukua ya 2.4. Mimi ya 2.4 ndiyo inayokaa kwenye chuma changu karibu siku nzima, na nikikuta sehemu finyu naigeuza nifanye kazi kwa kona ya mdomo wake.

Jaribu hivi kwenye bodi mbovu. Paka flaksi (dawa inayosafisha shaba ili lehemu ishike) kwenye pedi zote mbili, weka lehemu kidogo kwenye pedi moja. Shika rezista kwa kibano, yeyusha ile lehemu huku ukiisogeza rezista mahali pake, kisha toa chuma na usitikise mkono mpaka lehemu igande. Hamia upande wa pili: ubapa wa patasi uguse pedi na kichwa cha rezista kwa pamoja, halafu leta waya wa lehemu wa milimita 0.5. Utaiona lehemu inatambaa yenyewe na kupanda ubavuni mwa rezista, inang'aa. Sekunde moja au mbili zinatosha. Ikikaa juu ya pedi kama kidonge, bila kutambaa, pedi haijapata joto au ina uchafu.

Rudisha na joto chini. Lehemu yenye risasi ya 63/37 huyeyuka kwenye nyuzi 183, na ile isiyo na risasi yenye bati, fedha na shaba huyeyuka karibu na 217 hadi 220. Weka 320 hadi 350 kwa ya kwanza, ongeza kidogo kwa ya pili. Kule 450 flaksi inaungua kabla haijasafisha chochote, na ncha inashika kutu nyeusi inayokataa lehemu.

Aisii (IC), yaani chipu, zenye miguu mingi iliyobanana nazo hazihitaji sindano. Hapo natumia ncha ya kwato, iliyokatwa mshazari: flaksi ya kutosha, lehemu kidogo kwenye uso wa kwato, kisha naiburuta taratibu juu ya safu ya miguu. Lehemu inavutwa na shaba, na haikai kwenye nafasi zilizo katikati.

Sindano yako itunze, maana ina kazi yake: chini ya hadubini, kwenye waya mwembamba kama unywele, au penye kijenzi kirefu kinachoziba njia.

SWALI: Ncha iliyokuwa nyeusi naweza kuipiga tupa?

JIBU: La, tafadhali! Ndani ni shaba, juu yake kuna ganda jembamba la chuma. Ukilikwangua, lehemu itaila shaba mpaka itoboke. Shusha joto, isugue kwenye nyuzi laini za shaba ya manjano huku ukiipaka lehemu yenye flaksi, urudie hadi mdomo ung'ae. Ikishindikana, nunua nyingine ya aina ileile inayotumiwa na mtambo wako: ya 900M ni ganda linalovikwa juu ya kipasha joto, ya T12 ina kipasha joto ndani yake, na haziingiliani. Kabla ya kuzima chuma, iache ncha imefunikwa na lehemu mbichi.