Maswali ya Wasomaji: Huyu Krah ni rafiki wa Afrika?

SWALI: Shikamoo mwandishi. Kuna Mjerumani anaitwa Maximilian Krah, wa AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia. Vijana wa kijiweni kwetu wanatumiana video zake. Anataka Ujerumani ielewane na Urusi na China, iache kuifuata Marekani. Wanasema mzungu huyu ndiye anayetufaa Waafrika. Wewe unayeishi hukohuko, unamwonaje?
— Msomaji, Songea

JIBU: Marahaba. Ninaishi mji mdogo nje ya Chemnitz, jimboni kwake. Kuelekea uchaguzi wa Februari 2025 picha yake ilifungwa kwenye nguzo za taa njia nzima ya kwenda kazini kwangu, na alishinda kiti cha Bunge la Ujerumani. Jibu langu ni hapana, hatufai.

Krah ni mwanasheria, mzaliwa wa 1977. Alikuwa CDU, chama cha Angela Merkel, akahamia AfD mwaka 2016, na 2019 akaingia Bunge la Ulaya. Vijana walimjua kupitia TikTok, alipowashauri wanaume wasio na wachumba watoke nje, wajiamini, na wawe wa mrengo wa kulia. Hataki Ukraine ipelekewe silaha, na China ameitetea miaka yote. Aprili 2024 msaidizi wake wa Brussels alikamatwa, na Septemba 2025 mahakama ya Dresden ikamfunga miaka minne na miezi tisa kwa kuipelelezea China. Mwezi huohuo Krah mwenyewe aliondolewa kinga ya ubunge, achunguzwe kwa tuhuma za rushwa na utakatishaji fedha. Anakanusha, na mahakama haijamtia hatiani.

Linaloniuma mimi ni lingine. Mei 2024 aliliambia gazeti la Italia, La Repubblica, kwamba hawezi kusema kila aliyevaa sare ya SS alikuwa mhalifu. SS, ndugu yangu, kikosi cha Hitler, ndio walioendesha kambi za kuwaua Wayahudi! Hata Marine Le Pen wa Ufaransa, naye wa mrengo huohuo, alikata uhusiano na AfD, na kundi lao katika Bunge la Ulaya likawatimua.

Wewe ni mtu wa Songea, kwa hiyo lipime hili kwa historia ya kwenu. Desemba 2019 wabunge wa AfD walimwalika profesa Mmarekani, Bruce Gilley, aje Berlin kuutetea ukoloni wa Kijerumani. Ni ukoloni uleule uliowanyonga Nduna Songea Mbano na wenzake mwaka 1906, ambao Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja hapo kwenu Novemba 2023 kuuombea msamaha.

Vijana wanasikia anaipinga Marekani, wanadhani basi yuko upande wetu. Mimi naona anawaheshimu wenye nguvu, Beijing na Moscow. Sisi hatumo kwenye hesabu hiyo, ila kama watu wa kurudishwa makwao: ilani ya AfD ya 2025 ilitaka wahamiaji warudishwe kwa wingi. Ninahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Baada ya matokeo, bibi mmoja ninayemwogesha kila asubuhi aliniuliza kama nitafukuzwa, na nani atamwogesha. Mwanawe, alinieleza, alimpigia Krah.

Waonyeshe vijana hiyo kauli ya SS, halafu mwendelee na mjadala.